Duru ya Pili na Mpiga Kura wa Katikati



Katika siasa wenye kupaza sauti ni wachache. Walio wengi hukaa katikati, husikiliza, kisha huamua kimyakimya. Uchaguzi wa mwaka 2006 watufundisha jinsi watu hao wanavyovutwa, na jinsi wanavyokataa kuvutwa.

Tarehe 30 Julai 2006 sisi Wakongomani tulipiga kura ya vyama vingi, ya kwanza baada ya miaka zaidi ya 40. Joseph Kabila alipata karibu asilimia 45, Jean-Pierre Bemba asilimia 20, Antoine Gizenga asilimia 13. Katiba ilidai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Basi wawili wa kwanza walilazimika kuwaendea wale ambao hawakuwachagua.

Kabila alipatana na Gizenga, na pia na Nzanga Mobutu, mwana wa rais wa zamani. Tarehe 29 Oktoba akashinda kwa asilimia 58. Mtu angedhani kwamba mapatano ya wakubwa ndiyo yaliyoleta ushindi. Lakini kule Bandundu, nyumbani kwa Gizenga, wapo waliomfuata, ila walio wengi walimchagua Bemba. Kule Équateur, alikotoka ukoo wa Mobutu, karibu wote walimchagua Bemba, mzaliwa wa jimbo hilo. Kiongozi alitia sahihi, wala wafuasi wake hawakubebwa kama mzigo.

Kwetu Kivu, Kabila hakuhitaji mapatano ili apate kura nyingi mno. Vita vilikuwa jeraha bichi, naye alionekana kuwa mtu wa amani. Neno lake liligusa shida yetu yenyewe. Lakini ahadi ina muda wake: Oktoba 2008 waasi wa CNDP walifika karibu na malango ya Goma, na watu wakaanza kuuliza amani iko wapi.

Januari 2011 Katiba ilibadilishwa, duru ya pili ikaondolewa. Mwaka huohuo Kabila alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 49. Katika uchaguzi wa mwaka 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa kwa asilimia 38 na nusu. Matokeo yote mawili yalipingwa vikali. Tuache ubishi huo, tutazame kanuni: chama chenye ngome imara, kikiwa na wapinzani waliogawanyika, chaweza kutawala bila kubisha hodi kwa mtu wa katikati. Duru ya pili ilimlazimisha mgombea kubisha.

Mpiga kura wa katikati si mtu asiye na msimamo. Anapima: nani anaijua shida yangu, na nani alitimiza neno lake jana? Katika vikundi vyenu tujadili hili: sheria isipomlazimisha mgombea kuja kwetu, sisi tutamlazimishaje?