Hitilafu ya umeme katika kuwasha pikapu

Hitilafu ya umeme katika kuwasha pikapu ni kasoro katika betri, nyaya, swichi au stata inayofanya injini isizunguke, au izunguke kwa ulegevu, dereva anapogeuza ufunguo. Kuichunguza ni kutafuta mahali umeme unapopotea kati ya betri na stata kabla ya kubadilisha kifaa chochote.

Gari lisipowaka, mara nyingi lawama ya kwanza huangukia betri. Mwenye gari hununua betri mpya, gari linawaka kwa siku chache, kisha tatizo linarudi, kumbe kasoro ilikuwa kwenye kiungo kichafu ambacho kingesafishwa kwa msasa. Vipimo vichache vya mita ya umeme huzuia hasara hiyo.

## Historia

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa mkono, kwa kuzungusha hendeli ya chuma mbele ya injini. Injini ikirudi nyuma ghafla, hendeli iliweza kuvunja mkono wa anayeizungusha. Mwaka 1911 Mmarekani Charles Kettering alitengeneza stata ya umeme, na kampuni ya Cadillac ikaiweka katika magari yake ya mwaka 1912.

Pikapu za baadaye, kama Toyota Hilux iliyoanza kutengenezwa nchini Japani mwaka 1968, zinafuata kanuni ileile: mota ndogo hupewa umeme mwingi kwa sekunde chache ili izungushe injini hadi iwake yenyewe.

## Njia mbili za umeme

Mfumo wa kuwasha una njia mbili.

Njia ndogo hubeba umeme wa kuamrisha tu. Hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, swichi ya ufunguo na, katika magari mengi, swichi ya klachi au ya gia pamoja na rilei. Huishia kwenye waya mwembamba wa solenoidi, ambayo kwa kawaida imefungwa juu ya stata.

Njia kubwa hubeba umeme wa kazi. Waya mnene hutoka ncha chanya ya betri moja kwa moja hadi kwenye boliti kubwa ya stata. Umeme hurudi kupitia bodi ya injini na waya wa ethi hadi ncha hasi.

Solenoidi ikipata amri hufanya mambo mawili: husukuma gia ndogo, ambayo mafundi huiita bendiksi, ishikane na meno ya flaiwili ya injini, na wakati huohuo hugusanisha vipande vya shaba ili umeme wa njia kubwa uingie kwenye mota. Kwa hiyo mlio wa "ta" unaosikika ni dalili kwamba solenoidi imevuta. Hauthibitishi kwamba mota imepata umeme wa kutosha.

## Kwa nini taa hudanganya

Watu wengi huwasha taa za mbele, na zikiwaka husema betri na nyaya ni nzima. Sheria ya Ohm inaonyesha kwa nini hilo halitoshi. Upotevu wa volti kwenye kiungo ni mkondo mara ukinzani wa kiungo hicho.

Chukua kiungo cha betri chenye kutu na ukinzani wa omu 0.02. Taa mbili za wati 55 kila moja huvuta karibu ampea 9. Upotevu ni 9 × 0.02, yaani volti 0.18, na jicho haliwezi kuutambua. Stata ikivuta ampea 150 kupitia kiungo hichohicho, upotevu ni 150 × 0.02, yaani volti 3. Betri ikiwa na volti 10.5 wakati huo, stata inabaki na 7.5 tu. Taa zinawaka vizuri, lakini injini haizunguki.

Kwa sababu hiyo vipimo muhimu hufanywa wakati ufunguo umegeuzwa na stata inadai umeme.

## Dalili

* Kimya kabisa, na taa za dashibodi hazipo: betri imekwisha kabisa, ncha imelegea au fyuzi kuu imekatika.
* Kimya, lakini taa ziko sawa: njia ndogo imekatika kwenye swichi, rilei, fyuzi au waya wa solenoidi.
* Mlio mmoja wa "ta", kisha kimya: vipande vya shaba vya solenoidi vimelika, brashi za mota zimekwisha, au kiungo cha njia kubwa ni kibovu.
* Milio ya haraka mfululizo: volti zinaanguka kila solenoidi inapovuta. Mara nyingi betri ni dhaifu au ncha zake ni chafu.
* Injini inazunguka polepole: betri dhaifu, ethi mbaya au stata iliyochoka.
* Stata inavuma lakini injini haizunguki: bendiksi haishiki, au meno ya flaiwili yamelika.
* Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki: stata si tatizo. Huchunguzwa mafuta, plagi za joto kwa injini ya dizeli, au plagi na mfumo wake kwa injini ya petroli.

## Hatua za kupima

Kazi huhitaji mita ya umeme na mtu wa pili wa kugeuza ufunguo. Kila jaribio lisizidi sekunde chache, kwa kuwa stata hupata joto upesi.

1. Betri ikiwa imepumzika. Betri ya volti 12 ina vyumba sita vya takriban volti 2.1 kila kimoja. Iliyojaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na karibu nusu. Ikisoma chini ya 12 ichajiwe kwanza.
2. Betri ikiwa kazini. Mita iwe kwenye nguzo za betri ufunguo unapogeuzwa. Betri nzima kwa kawaida haishuki chini ya takriban volti 9.6.
3. Upande wa chanya. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo chanya yenyewe, wala si kwenye kifungo cha waya. Nyingine kwenye boliti kubwa ya stata. Ufunguo ukigeuzwa, mita ikisoma zaidi ya volti 0.5, waya au viungo vyake vina kasoro.
4. Upande wa ethi. Ncha moja iwe kwenye nguzo hasi, nyingine kwenye bodi ya stata. Zaidi ya takriban volti 0.3 huonyesha ethi mbaya.
5. Waya mwembamba wa solenoidi. Ufunguo ukigeuzwa, waya huu unapaswa kupata volti zinazokaribia za betri. Ukizipata, na njia kubwa ni safi, kasoro iko ndani ya stata. Usipozipata, fundi hurudi nyuma hatua kwa hatua: rilei, swichi ya klachi au gia, swichi ya ufunguo, fyuzi.

Hatua ya pili ina siri inayofaa kukumbukwa. Volti zikianguka hadi 6, betri ni mbovu au stata imekwama na inavuta umeme kupita kiasi. Lakini zikibaki karibu 12 huku injini haizunguki, umeme mwingi hautoki kabisa. Njia imezibika mbele ya betri, na betri mpya haitasaidia.

## Mambo ya pekee ya pikapu

Katika pikapu nyingi kabini na bodi ya kubebea mizigo hukaa juu ya chasi, zikitenganishwa nayo na mipira. Injini nayo hukaa juu ya mipira, kwa hiyo huhitaji waya wake wa ethi. Tope, maji na mtikisiko wa barabara mbovu hula waya huo. Ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine, na kebo ya mafuta inaweza kupata moto wakati wa kuwasha. Jaribio rahisi ni kuunganisha waya mnene wa kubusti kutoka nguzo hasi hadi kwenye chuma kisafi cha injini. Injini ikizunguka, kasoro ni ethi.

Stata za Toyota nyingi hujulikana kwa kulika vipande vya shaba vya solenoidi. Dereva hugeuza ufunguo mara kadhaa, "ta, ta", kisha gari linawaka ghafla. Vipande hivyo huweza kubadilishwa bila kununua stata nzima.

Vifaa vilivyoongezwa baadaye, kama redio, king'ora au taa za ziada, huweza kunyonya betri gari likiwa limelala. Kifaa kinachovuta ampea 0.5 humaliza ampea-saa 24 kwa siku mbili, kiasi kikubwa kwa betri ya ampea-saa 60. Injini ikiwaka, betri inapaswa kusoma takriban volti 13.8 hadi 14.5, pungufu ya hapo, alteneta ichunguzwe.

## Usalama

Gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe na magurudumu yawekewe vigingi. Kugusanisha boliti za stata kwa bisibisi ukiwa chini ya gari ni hatari kubwa: gari lililo kwenye gia huweza kuruka na kumkanyaga fundi, kwa kuwa njia hiyo huruka swichi zote za kinga.

Betri hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka, hivyo moto na sigara viwe mbali. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Pete na saa za chuma zivuliwe. Betri isifunguliwe injini ikiwa inafanya kazi, kwa sababu volti huweza kupanda ghafla na kuharibu alteneta na kompyuta ya gari.

## Tazama pia

* Betri
* Alteneta
* Sheria ya Ohm
* Injini ya dizeli