Wanafunzi wa Cambridge na Historia ya Usanifu Majengo

Mwaka 1839, John Mason Neale na Benjamin Webb, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, walishiriki kuanzisha Cambridge Camden Society, chama cha kuchunguza usanifu wa makanisa ya Zama za Kati. Kuanzia 1841 chama kilichapisha jarida, The Ecclesiologist. Punde maarifa yakageuka amri. Katika ukarabati wa Kanisa la Mviringo mjini humo, ulioanza 1841, sehemu ya kengele ya karne ya 15 iliondolewa, pakajengwa paa la umbo la pia, ili kurejesha sura iliyodhaniwa kuwa ya asili. Historia ikafutwa kwa jina la historia. Mwaka 1877, William Morris na wenzake waliunda chama cha kupinga ukarabati wa aina hiyo. Sera ya urithi haina budi kuheshimu pia nyongeza za karne zilizofuata.