Kasuku wa Ng'ambo

Kasuku wa Opala walikuwa wakiingia Lubunga, mtaa wa Kisangani ulio ng'ambo ya mto, jioni, kwa baiskeli. Matundu ya vijiti yaliyofungwa kwa kamba za kekele yalipangwa nyuma moja juu ya jingine, na kila tundu limesongamana. Aliyesukuma baiskeli ile kutoka misitu ya Lomami alilipwa kwa hesabu ya walio hai, kwa hiyo waliokufa aliwatupa njiani. Noko wangu, kaka wa mama yangu, ndiye aliyewanunua. Kati ya siku ya kuwanunua na siku ya kuwavusha mto kwa mtumbwi kwenda Makiso, katikati ya mji, zilipita wiki kadhaa, na hizo ndizo zilizoamua kama atakula au atadaiwa.

Mengi yameandikwa juu ya biashara ya kasuku wa Kisangani, na karibu yote huanzia uwanja wa ndege wa Bangoka, kwenye makaratasi. Mimi, binti wa dada yake, niliyefagia chini ya matundu yale, naona historia hiyo imeanziwa katikati.

Kasuku wa kijivu ametamaniwa tangu zamani. Linnaeus alimpa jina la kitaalamu mwaka 1758, wakati huku kwenye maporomoko ya Boyoma hakuna Mzungu aliyekuwa amefika. Livingstone, aliyekaa Nyangwe mwaka 1871, aliwataja kasuku hawa wenye mkia mwekundu katika nchi ya Manyema. Misafara ya Tippu Tip, iliyotuachia Kiswahili tunachosema, ilitafuta pembe za ndovu. Ndege hakuwa mali ya kumpandisha mtu mto. Aligeuka kuwa mali kubwa baadaye, ndege za mizigo zilipozoeleka na nyumba za Ulaya na Marekani zikataka kiumbe anayeongea. Tangu miaka ya 1970, kasuku wa kijivu zaidi ya milioni moja waliokamatwa porini wameingia katika biashara ya kimataifa kwa vibali halali.

Huko msituni walikamatwa kwa ulimbo. Kasuku aliyefugwa alifungwa juu ya mti kama chambo; akiita, wenzake hushuka na kunasa kwenye vijiti vilivyopakwa. Mkamataji huwang'oa, huwakata manyoya ya mabawa kwa kisu, basi. Walipofika kwetu walikuwa na mabaka ya ulimbo kifuani na walinguruma. Asiyewajua angedhani kuna mbwa ndani ya tundu: ni sauti nzito ya kooni ambayo kasuku huitoa akiwa na hofu, na kundi zima likinguruma usiku, jirani hulala macho.

Noko hakuanza na chakula. Alianza kwa kumtambua kila mmoja. Aina haikuwa na shaka, maana yule mdogo wa mkia wa rangi ya damu iliyoganda anaishi mbali, Liberia na Sierra Leone. Dume na jike hakuweza kuwatenganisha kwa macho, wala hakuna awezaye. Alitazama jicho. La mtoto ni jeusi-jeusi, kisha huwa kijivu, na mwaka ukishapita hugeuka manjano. Wanunuzi wa Kinshasa walitaka macho meusi, kwa kuwa mwenye macho hayo ndiye anayejifunza kusema upesi. Wa macho ya manjano walilipiwa nusu, nao ndio wazazi, waliokuwa wakitaga kwenye mashimo ya miti mirefu.

Baada ya jicho, mdomo. Kasuku mzima ana unga mweupe unaotoka kwenye manyoya yake, unaobaki mkononi ukimshika na kuufunika mdomo wake mweusi. Mdomo unaong'aa ni wa mgonjwa. Mwisho alipitisha kidole kifuani. "Mwana wa dada, gusa hapa," aliniambia. Mfupa ulikuwa umesimama wima, nyama hakuna pande zote mbili. Huyo alitengwa pembeni, kwenye ukavu, kwa sababu unyevu wa mto huleta kuvu kwenye mapafu.

Ulimbo aliulainisha kwa mawese kidogo, akaufuta kwa maji ya vuguvugu, baka moja kwa siku. Mafuta mengi huharibu manyoya, na ndege aliyelowa usiku wa mvua hafiki asubuhi. Chakula kilikuwa ngazi (matunda ya mchikichi), mahindi ya kuchemsha, majani mabichi. Wageni hawakugusa kitu. Hapo ndipo alipomtia katikati yao kasuku wake mzee wa nyumbani, mchoyo sana, aliyekula mbele yao kwa kelele hadi mmoja akasogea kunyang'anya. Akishakula mmoja, wengine hufuata.

Pamoja na ujuzi huo wote, wengi walikufa, na kwa wafanyabiashara wasiokuwa na ujuzi walikufa zaidi. Watafiti wamekadiria kuwa kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya kasuku waliokamatwa walikufa kabla ya kusafirishwa nje. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, iliingia katika CITES, mkataba wa biashara ya viumbe wa porini, mwaka 1976, na kwa miaka mingi nchi yetu ilikuwa na kibali cha ndege 5,000 kwa mwaka. Elfu tano hao walihesabiwa mlangoni pa kutokea. Waliofukiwa nyuma ya nyumba za Lubunga hawakuwa katika daftari la mtu yeyote. Kwa hesabu hiyo hata mwaka ambao sheria iliheshimiwa, msitu ulitoa ndege wengi zaidi ya walioandikwa.

Marekani ilifunga mlango mwaka 1992, Ulaya mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, kisha moja kwa moja mwaka 2007. Wanunuzi wakawa wa Afrika Kusini, Ghuba na Asia. Desemba 2010, kasuku zaidi ya 700 walikufa katika safari moja ya ndege kutoka Johannesburg kwenda Durban, na dunia ikashtuka. Noko hakushtuka, aliuliza tu walikuwa wamelishwa nini. Mwaka 2016 wajumbe wa CITES walipiga kura, na tangu 2 Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini imepigwa marufuku.

Matundu bado yanavuka mto kwa siri. Mwaka jana kijana anayelea kasuku walionyang'anywa wasafirishaji alikuja kuniuliza habari ya ulimbo. Nilimwonyesha. Akauliza atawaachia lini. Nikamfunulia bawa: manyoya yaliyokatwa hubaki vigutu hadi yaanguke yenyewe na mapya yaote, na hilo laweza kuchukua mwaka au zaidi. Nikamshauri anunue ngazi kwa mikungu mizima, asinunue kwa mafungu.