Usiku wa Yaya

Katika Afrika ya Kusini, siku za ubaguzi wa rangi, yaya wengi walilala katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya wazungu. Mtoto akilia usiku, yaya ndiye aliyeamka. Watoto wake mwenyewe walilelewa mbali na nyanya yao. Usiku ule nani aliuhesabu kuwa kazi?

Sheria ya saa za kazi ilimfikia yaya mwaka 1994 tu. Amri ya mwaka 2002 iliweka mshahara wa chini, na saa 45 kwa juma. Tunaisifu zaidi kwa kuwa ilikumbuka usiku. Tangu saa 2 za usiku hata saa 12 za asubuhi, bibi akitaka yaya awe tayari kuamka, sharti wapatane kwa maandishi, naye alipwe posho, hata mtoto asipolia. Na bibi akikata mshahara kwa ajili ya chumba, sharti chumba kiwe na dirisha, na mlango wa kufungika.

Ni maneno mazuri. Lakini mkaguzi wa kazi haingii nyumbani mwa mtu pasipo ruhusa ya mwenyewe, au ya mahakama ya kazi.