Chungu cha Bibi na Ua Lililorudi Nyumbani



Wiki chache zilizopita tulifuatana na bi harusi mmoja kutafuta vitu vya nyumba yake mpya. Akasimama mbele ya ua lenye majani manene ya kijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, limo ndani ya chungu cheupe cha plastiki. Muuzaji akasema ni ua la Ulaya, na bei nayo ikawa ya Ulaya. Pesa alizotunzwa na shangazi zake zilikaribia kuishia pale. Tukamvuta kando, tukamwambia: mwanetu, ua hilo ni la kwetu.

Wauza maua huliita ZZ. Kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na ziko nchi wanazoliita Kito cha Zanzibar. Asili yake ni upande huu wa Afrika, kuanzia Kenya na Tanzania hadi kaskazini mashariki ya Afrika Kusini. Chini ya udongo lina kiazi, na mabua yake ni manono. Huko ndiko linakoweka maji, ndiyo maana kiangazi hakiliui.

Mwaka 1829 Loddiges, familia ya wakulima wa maua waliokuwa na bustani yao Hackney, London, walilitangaza kwa jina jengine. Jina linalotumika leo lilitolewa mwaka 1905 na Mjerumani Adolf Engler. Kwa miaka mingi halikuwa ua la madukani. Kisha mwaka 1996 wakulima wa Uholanzi wakaanza kulizalisha kwa wingi kwa biashara, likaenea maofisini na majumbani. Sisi likatufikia limeshavaa plastiki, tukalipokea kama mgeni.

Chungu nacho kina habari kama hiyo. Unguja Ukuu, na pia Shanga katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vya tangu karne ya 7 hadi ya 10. Vingi vimechorwa shingoni safu ya pembetatu, zilizokwaruzwa kabla udongo haujakauka. Mtaalamu wa Tanzania, Felix Chami, aliviita vyungu vya aina hiyo kwa pambo lao hilo la pembetatu. Hatuna majina ya waliovichora. Tunachojua ni kwamba ufinyanzi wa pwani yetu kwa muda mrefu umekuwa kazi ya wanawake: wanafinyanga kwa mkono, wanasugua kwa kokoto laini, kisha wanachoma kwa moto wa kuni.

Vyombo vya mbali vilikuwa na heshima yake. Mabakuli ya Uchina yalibandikwa hata kwenye makaburi, kama yale ya Kunduchi. Chungu cha nyumbani kikivunjika kilitupwa jaani. Lakini leo vigae vya jaani ndivyo vinavyotuonesha wenyeji waliishi vipi na walipikia nini. Kile tulichokidharau ndicho kilichotutunzia habari zetu.

Kwa hiyo maharusi wetu, kabla hamjafungua mkoba, jaribuni hivi.

Nunua chungu cha udongo chenye tundu chini. Kioshe, kianike mpaka kikauke kabisa. Paka nje rangi nyeupe ya maji, ikikauka chora mapambo yako kwa brashi nyembamba: safu ya pembetatu, pindo la kanga ya mama, au nakshi za chetezo cha bibi. Ndani usipake kitu, udongo upumue. Mkono ukitetemeka usijali, hata vile vigae vya kale mistari yake haikunyooka yote.

Ua usilinunue, liombe. Chuma majani mawili matatu kwa jirani, kila moja na kikonyo chake. Yaache kivulini siku moja au mbili mpaka jeraha likauke, maana likipandwa bichi huoza. Yachomeke kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, mwagia maji kidogo, na usimwagie tena mpaka udongo ukauke. Utomvu wake huwasha, basi nawa mikono na uliweke mbali na watoto wadogo.

Halafu subiri. Jani hutengeneza kwanza kiazi kidogo chini ya udongo, na chipukizi linaweza kuchukua miezi mingi kutokeza. Usiling'oe kulichungulia. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande. Miezi michache ni nini mbele ya hayo?

Bi harusi wetu hakununua. Chungu alikipaka na somo yake, wamekaa barazani baada ya Alasiri, na pembetatu zimepinda upande mmoja kwa sababu walikuwa wanacheka. Majani matatu alipewa na jirani wa mama yake. Moja limeoza, mawili yamesimama, na bado hayajatoa kitu. Pesa za shangazi zimenunua godoro.

Naye ameshaahidi: likichipua, jani la kwanza atalipeleka kwa bi harusi atakayefuata.