Kiwanja cha Ndege ni cha Nani?

Mtu asimamaye Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, huona magari ya mizigo yakingojea forodha, wala hafikiri habari za ndege. Hata hivyo, si mbali na hapo, ng'ambo ya mpaka, uko mji wa Mbala, ambao zamani uliitwa Abercorn, na huko ndiko kilikofyekwa kimojawapo cha viwanja vya kwanza vya ndege katika sehemu hii ya Afrika. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, Waingereza walitaka kufungua njia ya anga kutoka Cairo hata Cape Town. Mwaka 1919 wapimaji wao walichagua mahali pa kutua, na miongoni mwa mahali hapo palikuwa Tabora, Abercorn na Ndola. Miti iling'olewa, vichuguu vikavunjwa, mashimo yakafukiwa, na kazi hiyo ilitendwa kwa mikono ya wenyeji. Mwanzoni mwa 1920 marubani wawili wa Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, walipita njia hiyo. Ndege yao ilivunjika Bulawayo, wakapewa nyingine, wakafika Cape Town.

Yafaa kuanza na habari hiyo, kwa kuwa imebeba swali ambalo limewagombanisha watu tangu siku zile hata leo. Kiwanja cha ndege ni cha nani? Ni cha yule arukaye, au cha yule aliyekabidhiwa kukisimamia, au cha yule aliyekifyeka na ambaye pengine hatapanda ndege maisha yake yote? Wenye ndege ndogo wana jawabu lao, na mabwana viwanja wana lao. Mtu wa tatu ni nadra kuulizwa.

Hapo mwanzo ugomvi haukuwako, maana mwenye ndege na msimamizi wa kiwanja walikuwa watu wa jamii moja. Mfano ulio wazi ni Nairobi. Klabu ya marubani ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye Bibi Florence Kerr Wilson, mjane wa mlowezi, alianzisha kampuni ya Wilson Airways, na rubani wake mkuu alikuwa Tom Campbell Black, yule ambaye mwaka 1934 alishinda pamoja na C. W. A. Scott mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hata Melbourne. Kampuni hiyo ilianza na ndege ndogo ya mbao na kitambaa, ikachukua barua, abiria na wagonjwa, na katika miaka ya 1930 ikaunganisha Nairobi na Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Kiwanja cha Nairobi Magharibi kilikuwa kama ua wa nyumba yao. Aliyetaka kutua alitua. Aliyetaka kujenga banda la ndege alikubaliana na jirani yake. Lakini tusisahau kwamba uhuru huo ulikuwa wa wachache. Mwafrika aliingia kiwanjani kama kibarua wa kukata majani.

Vita ya pili ilivunja mambo hayo. Mwaka 1939 serikali ilichukua ndege na marubani wa Wilson Airways kwa kazi ya jeshi, na mwaka uliofuata kampuni ikafungwa. Kiwanja nacho kikawa cha jeshi la anga. Amani iliporudi, serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianzisha shirika moja, East African Airways, lililoanza kuruka mwaka 1946. Ndege kubwa zilitumia Eastleigh, kisha Embakasi kilichofunguliwa mwaka 1958, na ndege ndogo zikabaki Nairobi Magharibi. Mwaka 1962 kiwanja hicho kilipewa jina la Wilson. Bibi yule alipewa heshima ya jina, lakini mamlaka ya kiwanja yalikuwa yamekwisha kupita mikononi mwa serikali.

Badiliko la tatu lilikuja kimya kimya, nalo ndilo lililoleta ugomvi wa siku hizi. Serikali iliacha kuviendesha viwanja kama idara iendeshavyo barabara, ikaviweka chini ya vyombo vilivyotakiwa kujitafutia mapato. Kenya iliunda Mamlaka ya Viwanja vya Ndege kwa sheria ya mwaka 1991. Tanzania iliunda wakala wake wa viwanja mwaka 1999, na kazi ya kutunga na kusimamia kanuni za anga ikawekwa chini ya mamlaka nyingine kwa sheria ya mwaka 2003. Tangu hapo msimamizi wa kiwanja ana daftari mbele yake, na katika daftari hilo ndege ndogo haimpi furaha. Ada ya kutua hupimwa kwa uzito wa ndege. Ndege ya watu watano hulipa kidogo sana, nayo yahitaji njia ileile, zimamoto walewale na mwongozaji yuleyule mnarani ambao ndege ya watu mia ingewahitaji. Ndege kubwa huleta ada za abiria, maduka na magari ya kukodi. Basi msimamizi huanza kujiuliza kama ardhi iliyo chini ya mabanda ya zamani isingeweza kumpatia zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri. Mwenye ndege ndogo hana ardhi, amepanga. Amejenga banda kwa fedha zake juu ya kiwanja cha mwingine, na muda wa kupanga ukiisha banda haliwezi kubebwa mgongoni. Akiongezewa kodi hana pa kuhamia, kwa kuwa viwanja si kama maduka sokoni hata achague. Tena petroli ya ndege za injini ndogo si ile itumiwayo na ndege kubwa, nayo ni adimu katika mikoa ya mbali. Kwa hiyo kila ada mpya, kila uzio na kila kibali humwelemea mwenye ndege moja kuliko shirika lenye ndege ishirini.

Lakini si haki kumfanya msimamizi kuwa adui. Kiwanja kinachopokea abiria hufungwa na kanuni zilizotokana na Mapatano ya Chicago ya mwaka 1944. Ng'ombe akiingia njiani, lawama ni yake. Rubani akiondoka bila ya kutoa taarifa kisha akapotea, atakayeulizwa ni yeye. Wako wenye ndege wanaodai kuachiwa desturi za mwaka 1930 katika anga ambalo limejaa, na wako wanaoacha ndege mbovu zikioza uwanjani miaka nenda miaka rudi, ada hawalipi wala mizoga yake hawaiondoi. Uhuru wa namna hiyo ni mzigo kwa wengine.

Jinsi ugomvi huu unavyoweza kwisha vibaya, mji wa Chicago wenyewe umeonyesha. Huko palikuwa na kiwanja kidogo kandokando ya ziwa, Meigs Field, kilichofunguliwa mwaka 1948. Meya Richard M. Daley alitaka mahali hapo pawe bustani ya watu wote. Wenye ndege wakapinga. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Machi 2003, mitambo ya mji iliingia na kuchimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kurukia. Ndege 16 zilikwama, zikaja kuondoka kwa kutumia njia ya pembeni. Mji ulitozwa dola 33,000 kwa kutotoa notisi, ukatakiwa pia kurudisha dola milioni moja za mfuko wa viwanja. Bustani ikapatikana, kiwanja kikafa. Pengine bustani ilikuwa na faida kwa wengi zaidi. Lakini jambo linalotendwa usiku huacha uchungu hata likiwa na sababu njema.

Sasa turudi Ufipa. Chicago ilipoteza kiwanja kimoja, ikabaki na vingine vikubwa na barabara zisizohesabika. Uwanda wa Ufipa hauna anasa hiyo. Mwaka 1949 shirika la kimataifa la kupambana na nzige wekundu lilianzishwa, makao yake yakiwa Abercorn, kwa sababu bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio makuu ya nzige hao, ambao kati ya 1930 na 1944 walikuwa wameharibu mashamba katika nchi nyingi za kusini ya ikweta. Kazi ya kuwatafuta na kuwanyunyizia dawa katika mbuga zilizofurika ilifanywa kwa ndege ndogo. Vivyo hivyo madaktari warukao wa Amref, walioanza mwaka 1957 na ambao kituo chao kiko Wilson, walionyesha kwamba ndege ndogo yaweza kuwa machela. Mkulima wa mahindi wa Kasesya hamiliki ndege, lakini ana sehemu yake katika ndege hizo. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi.

Kiwanja cha Sumbawanga kilikuwa cha changarawe kwa miaka mingi, kabla ya kazi ya kukitia lami kuanza kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Lami ni neema, hapana shaka. Lakini historia ya Nairobi yafundisha kwamba kiwanja kikipanda daraja, uzio huja, ada huja, ardhi hupanda thamani, na walio wadogo husukumwa ukingoni. Jambo hilo si lazima litokee Ufipa, maana hapa mabanda bado hayajajengwa na mikataba bado haijaandikwa. Wakati wa kutenga sehemu ya ndege ndogo, kuweka kodi isiyobadilika ovyo, na kusamehe ada ndege ya mgonjwa na ya nzige, ni kabla ya ugomvi kuzaliwa.

Waliovunja vichuguu mwaka 1919 hawakuandikwa katika daftari lo lote la ada. Ikiwa kiwanja ni chao pia, basi kipimo cha msimamizi mwema na cha mwenye ndege mwema ni kimoja: mgonjwa wa Kasesya akiitiwa ndege usiku wa masika, je, itapata pa kutua?