Uwanja wa Mabepari, Kodi ya Umma: Mfano wa Jiji la Cleveland

Katika nchi za kibepari hutokea mara kwa mara kwamba jiji lililowatajirisha wachache kwa jasho la wengi huachwa likauke, kisha wale wale waliolikausha hurudi wakiwa na dawa mkononi. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1960, dawa iliyosifiwa kuliko zote ni uwanja wa michezo. Jengeni uwanja katikati ya jiji, wananchi huambiwa, na maduka yatafunguliwa, hoteli zitajaa, wasio na kazi watapata kazi. St. Louis ilifungua uwanja wake mwaka 1966, Baltimore mwaka 1992, Detroit mwaka 2000 na jumba jingine mwaka 2017. Katika makala haya tutalichambua jiji moja tu, Cleveland katika jimbo la Ohio. Tumelichagua kwa sababu wananchi wake waliulizwa maswali mawili yanayofanana katika muda wa miaka kumi na moja: mwaka 1979 waliulizwa kama wauze mali yao, na mwaka 1990 waliulizwa kama wawanunulie mabepari mali. Mara ya kwanza umma ulisema hapana. Mara ya pili majibu yalikuwa mengine, na hatuna budi kueleza kwa nini.

Cleveland ilikua kutokana na viwanda. Rockefeller aliianzisha huko kampuni yake ya mafuta ya Standard Oil mwaka 1870, na mawe ya chuma yaliyoletwa kwa meli kupitia Maziwa Makuu ya Amerika yaliyeyushwa humo kuwa chuma cha pua. Wafanyakazi walitoka Ulaya ya Mashariki, na baadaye Weusi kwa maelfu walipanda kutoka majimbo ya kusini wakikimbia ukandamizaji. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu 914,808. Mwaka 1980 walibaki 573,822. Upungufu huo haukuletwa na tauni wala njaa. Viwanda vilihamia mahali ambako vyama vya wafanyakazi ni dhaifu na mishahara ni midogo. Serikali ilijenga barabara kuu zilizowawezesha Weupe wenye uwezo kuhamia vitongoji vya nje. Na mabenki yalikataa kukopesha katika mitaa ya Weusi, hata nyumba zikabomoka wenyewe wakizitazama. Mwezi Julai mwaka 1966 watu wa mtaa wa Hough walilipuka kwa hasira, na wanne wakafa. Mwaka uliofuata jiji lilimchagua Carl Stokes, Mweusi wa kwanza kuwa meya wa jiji kubwa nchini humo. Lakini kubadili meya si kubadili wenye mali.

Tarehe 15 Desemba, 1978, Cleveland ilishindwa kulipa madeni yake, na ikawa jiji kubwa la kwanza la Marekani kufikwa na hali hiyo tangu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Deni lenyewe lilikuwa kiasi cha dola milioni 14 tu, nalo lilikuwa mikononi mwa mabenki sita ya humo humo jijini. Meya wakati huo alikuwa Dennis Kucinich, kijana aliyeshika madaraka akiwa na umri wa miaka 31. Yeye alieleza kwamba alitakiwa kwanza auze shirika la umeme la jiji kwa kampuni ya umeme ya watu binafsi, ndipo mabenki yakubali kuongeza muda wa mkopo. Baadhi ya wakurugenzi wa mabenki hayo walikuwa pia wakurugenzi katika kampuni iliyotaka kununua. Meya alikataa. Mwezi Februari mwaka 1979 wananchi walipiga kura, na wakakataa kuuza umeme wao kwa kiasi cha kura mbili dhidi ya moja; tena wakakubali kujiongezea kodi ya mapato ili deni lilipwe. Mwezi Novemba mwaka huo huo Kucinich alishindwa katika uchaguzi, lakini shirika la umeme lilibaki mali ya umma.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu wako wanaosema kwamba mwananchi wa Marekani hana fahamu yoyote ya kitabaka. Si kweli. Alipoulizwa swali lililo wazi, auze au asiuze, alijibu kwa busara, tena akatoa fedha mfukoni mwake. Mabepari walijifunza kutokana na tukio hilo kwamba swali lisiulizwe hivyo tena.

Mwaka 1984 walijaribu kwa mara ya kwanza. Wananchi wa wilaya ya Cuyahoga, ambayo Cleveland ni makao yake makuu, waliombwa kukubali kodi ya majengo ili kujenga uwanja wenye paa. Walikataa vibaya sana. Basi mwaka 1990 mpango ulirudi ukiwa na sura nyingine: badala ya kodi ya majengo, ushuru wa pombe na sigara kwa miaka 15. Senti nne na nusu kwa pakiti ya sigara, senti moja na nusu hivi kwa chupa ya bia. Ushuru wa namna hii huonekana mdogo, tena huvikwa joho la maadili, kana kwamba mlevi anaadhibiwa. Lakini bia na sigara ndiyo starehe ya mtu anayetoka kiwandani saa kumi jioni, na senti ile ile humuuma mwenye mshahara mdogo kuliko inavyomuuma mwenye mamilioni. Kwa njia hiyo mzigo ulihamishwa kutoka kwa wenye majengo na kuwekwa juu ya wavujajasho.

Hapa inafaa tueleze jambo ambalo msomaji wetu huenda hakulizoea. Sisi tumekua tukijua klabu ya wanachama. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zilikuzwa na watu wa mitaa ya Dar es Salaam waliolipa ada na kugombana katika mikutano. Nchini Marekani timu kubwa ya kulipwa ni mali ya bepari au ya kikundi cha mabepari, kama lori au kinu cha mbao, na anaweza kuihamisha. Timu ya Green Bay katika futiboli ya Kimarekani inamilikiwa na wananchi wenye hisa, lakini hiyo ni moja pekee katika ligi yake. Isitoshe, wenye timu wenyewe ndio wanaoamua idadi ya timu. Mwaka 1990 ligi kuu ya besiboli ilikuwa na timu 26 kwa nchi yote, na majiji yenye kutaka timu yalikuwa mengi zaidi. Tangu mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba sheria za kupinga ukiritimba haziugusi mchezo huo. Upungufu huo haukutokana na nguvu ya asili; ulitengenezwa makusudi, na ndio unaompa mwenye timu sauti ya kuliambia jiji: nipe, au naondoka. Jiji haliwezi kumjibu kwa maneno hayo hayo, kwa sababu jiji halina magurudumu.

Kampeni ya mwaka 1990 iliendeshwa kwa sauti hiyo. Kamishna wa besiboli alikuja Cleveland kabla ya kura na kuwadokezea madiwani kwamba kura ya hapana ingeweza kuzusha suala la timu kuhama. Katika magazeti wananchi waliahidiwa ajira 28,000 kwa wasio na kazi, dola milioni 15 kila mwaka kwa shule, nyumba kwa wasio na makazi, hata msaada wa nishati kwa wazee. Tarehe 8 Mei, 1990, mpango ulipita kwa asilimia 51 na ushei. Ndani ya jiji lenyewe wengi walikataa; kura za vitongoji vya nje ndizo zilizoupitisha. Yaani walioliacha jiji waliamua jinsi litakavyofufuliwa, na waliobaki humo wakajikuta wameamuliwa.

Haukupita muda Bunge la jimbo likausamehe uwanja huo kodi ya majengo, wakati kodi hiyo ndiyo inayoendesha shule. Mwaka 1995 hali ya shule za Cleveland ilikuwa mbaya kiasi kwamba jaji aliamuru zichukuliwe na Serikali ya jimbo. Makisio ya ujenzi yalikuwa kiasi cha dola milioni 344. Gharama zikapita milioni 450. Shirika lililoundwa kusimamia mradi liliishiwa fedha, na wilaya ikalazimika kuliokoa.

Uwanja wa besiboli ulifunguliwa Aprili mwaka 1994, na jumba la mpira wa kikapu likafuata baadaye mwaka huo. Mtu mkweli lazima akiri kwamba uwanja ulikuwa mzuri na watu waliupenda. Tiketi zote ziliuzwa kwa michezo 455 mfululizo, toka mwaka 1995 hadi 2001. Timu ilifika fainali kuu mwaka 1995 na 1997. Mitaa ya jirani, iliyokuwa na giza, ilipata mikahawa na baa. Mwananchi aliyempeleka mwanawe uwanjani jioni ya kiangazi hakuwa mjinga, na kada anayemcheka mtu huyo hajui watu.

Swali letu ni jingine: je, jiji lilifufuka? Duka kubwa la Halle lilikwisha kufungwa mwaka 1982. Duka la May lilifungwa mwaka 1993, uwanja ukiwa unajengwa karibu yake. Duka la mwisho la namna hiyo, lililokuwa Higbee kabla ya kununuliwa na Dillard, lilifungwa mwaka 2002, michezo ikiwa imeendelea kwa miaka minane. Mwaka 2000 wakazi walikuwa 478,403. Mwaka 2004 takwimu za Serikali ya Marekani zilionyesha kwamba katika majiji makubwa yote ya nchi hiyo, Cleveland ndiyo iliyokuwa na asilimia kubwa kuliko zote ya watu maskini.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Uwanja hauzalishi fedha, huzikusanya. Familia yenye dola mia za starehe kwa mwezi haipati dola mia nyingine kwa sababu uwanja umejengwa. Inazihamisha kutoka sinema, kutoka mkahawa wa mtaani, kutoka mahali pengine katika wilaya ile ile. Timu ya mpira wa kikapu haikuzaliwa mwaka 1994. Ilitolewa katika jumba lake la Richfield, kusini mwa jiji, lililofunguliwa mwaka 1974. Kazi zilizohesabiwa kuwa mpya katikati ya jiji zilikuwa zimeondolewa huko, na jumba la Richfield likabomolewa mwaka 1999. Tena kazi zenyewe ni za namna gani? Msimu wa besiboli una michezo 81 ya nyumbani. Kuuza bia na kufagia viti kwa jioni 81 si badala ya kazi ya kiwanda cha chuma. Mishahara mikubwa huenda kwa wachezaji, ambao wengi wao hawakai hapo msimu ukiisha.

Faida ilikwenda wapi? Ndugu wawili, Richard na David Jacobs, waliinunua timu mwaka 1986 kwa kiasi cha dola milioni 35. Mwaka 2000 Richard aliiuza kwa dola milioni 323. Vijana wa timu walikuwa wamecheza vizuri, hilo ni kweli, lakini thamani ya timu ni pamoja na uwanja inaochezea, pango lake dogo na vyumba vya kifahari vinavyokodishwa kwa makampuni. Mnywaji bia wa Cleveland alichangia ongezeko hilo senti moja na nusu kila chupa. Hati ya hisa hakupewa.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa magazeti ya kibepari walilichukulia kama usaliti wa mtu mmoja, na sisi tunaliona kuwa ni mgongano uliotokana na mradi wenyewe. Art Modell, mwenye timu ya futiboli ya Browns, alikuwa tangu miaka ya 1970 ameukodi uwanja wa zamani wa jiji kando ya Ziwa Erie, naye akiikodisha timu ya besiboli. Umma ulipoijengea timu ya besiboli uwanja mpya, Modell alipoteza mpangaji wake. Zawadi kwa bepari mmoja iligeuka hasara kwa bepari mwingine, naye akadai zawadi yake. Tarehe 6 Novemba, 1995, alitangaza kwamba anaihamishia timu Baltimore, ambako jimbo la Maryland lingemjengea uwanja. Siku iliyofuata, tarehe 7, wananchi wa Cuyahoga walipiga kura iliyokwisha kupangwa, na kwa wingi mkubwa wakaongeza muda wa ushuru ili uwanja wake wa zamani ukarabatiwe. Timu ikaondoka hata hivyo. Baltimore nayo ilikuwa imeporwa timu yake usiku mmoja wa Machi 1984, malori yakipakia vifaa na kuvikimbiza Indianapolis, ambako uwanja ulikwisha kujengwa kabla ya kupatikana timu ya kuuchezea. Aliyeibiwa ametumiwa kumwibia mwenzake, na mwenye mali hakupoteza kitu safari zote mbili.

Uwanja wa zamani ulibomolewa, na mabaki yake yakatupwa ziwani. Mahali pake umma ulijenga mwingine, uliofunguliwa mwaka 1999 kwa timu mpya iliyopewa jina lile lile la Browns. Mwaka 2014 ushuru wa pombe na sigara uliongezwa tena miaka 20, safari hii kwa matengenezo. Wenye timu ya Browns hawakutosheka. Mwaka 2024 walitangaza kwamba watauacha uwanja wa kando ya ziwa na kujenga wenye paa huko Brook Park, nje ya mipaka ya jiji. Mwaka 2025 jimbo la Ohio liliwatengea dola milioni 600, zitakazotolewa katika fedha zisizodaiwa na wenyewe: amana zilizosahauliwa benki, hundi za mishahara ambazo hazikuchukuliwa, akiba za marehemu. Ardhi iliyochaguliwa ni mahali palipokuwa na viwanda vya Ford, ambako wafanyakazi wa Cleveland waliunda injini za magari.